Sabu ya Sita

Mimi ni Niko, kinyozi. Nina saluni mtaa wa Gungu, viti viwili, televisheni moja, na benchi refu la mbao ambalo wengi wanaolikalia hawajanyoa kwangu tangu mwaka juzi. Wanakuja kubishana mpira. Na kwa kuwa mashine iko mkononi mwangu na kichwa cha mteja kiko chini yangu, nilizoea kuwa na neno la mwisho. Mtu niliyemnyoa nusu hawezi kunipinga akafika mbali.

Ndivyo nilivyopata sifa ya kujua mpira. Timu pekee niliyowahi kuwa nayo ni ile ya shule ya msingi, na huko nilikuwa naokota mipira iliyoingia kwenye mihogo ya mwalimu mkuu.

Wiki ya fainali ya Kombe la Mbuzi, kocha wa timu yetu ya mtaa, Bariki, alifiwa na shangazi yake Kasulu. Alinipigia akiwa tayari yuko stendi.

"Kaka Niko, washike vijana Jumapili. Kikosi nimekiandika. Usibadilishe kitu."

Mimi nikasikia sehemu ya kwanza tu. Nilipokata simu nilivaa kofia yangu nyeusi, nikajitazama kwenye kioo cha saluni, nikaona kabisa kwamba huyu mtu wamechelewa kumgundua.

Fainali ilikuwa kati yetu wa Gungu na timu ya Katonga, na mshindi anaondoka na mbuzi. Mwaka huu kamati ilikuwa imeongeza sheria moja mpya, imeletwa kwenye karatasi, kila timu nakala yake. Pamoja na sabu tano za kawaida, mchezaji aliyegongwa kichwa na kuonekana ana dalili za mtikisiko wa ubongo anatolewa, mwingine anaingia, na sabu hiyo haihesabiwi. Wakubwa wa mpira duniani wanayo. Aliyeipigania mpaka ikafika kwetu ni Honorata, nesi wa zahanati, ambaye kila Jumapili hukaa pembeni ya uwanja na begi lake la huduma ya kwanza.

Ijumaa hiyo Honorata alikuwa kwenye kiti changu, maana hupenda nywele fupi. Kwenye benchi alikuwepo Hamdani, muuza dagaa wa Katonga, mzaliwa wa Ujiji, mbishi tangu tumboni mwa mama yake. Kwenye televisheni walikuwa wanarudia mechi ya Ulaya, beki mmoja kagongana na mwenzake, anatolewa uwanjani huku anapinga.

"Tazama hao," Hamdani akasema. "Kaguswa kidogo, anatolewa. Siku hizi wachezaji ni mayai. Sisi tulikuwa tunafungwa kitambaa kichwani, damu inachuruzika, na tunarudi kufunga goli."

"Ulicheza timu gani?" Honorata akamuuliza.

Hamdani akaanza kukohoa.

"Mimi naona jambo jingine," nikasema, na nikazima mashine ili nisikike vizuri. "Hii sheria ina mlango wa nyuma. Timu imemaliza sabu zake, kocha anamwambia mtu lala chini, shika kichwa. Nani atambishia? Goti likivimba tunaliona. Ubongo nani anauona?"

"Ndiyo maana tunamuuliza maswali," Honorata akajibu. "Tunatazama macho yake, anavyosimama, anavyoongea. Na tukiwa na shaka anatoka, hata kama mwenyewe anasema yuko sawa. Akigongwa mara ya pili kabla hajapona anaweza kufa, Niko. Sikutishi."

"Sista, mimi nashika vichwa ishirini kwa siku. Jumamosi arobaini. Nakwambia kichwa cha Muha ni kigumu."

"Unavishika kwa nje," akasema.

Benchi lote likacheka, na mimi nikacheka nao, nikijiona nimeshinda. Nilikuwa nabishana na nesi kuhusu ubongo, huku nimemshika kichwa, na sikuona kasoro yoyote.

Ubishi ule ndio ulionipa wazo. Jumamosi asubuhi nilimwita Thobias, mshambuliaji wetu. Thobias ni fundi wa injini za maboti pale Kibirizi, ana miaka ishirini na saba, mke na mtoto mmoja, na ni mtu asiyejua kusema uongo hata wa kumfurahisha mgeni.

"Mwakeye, Kocha," akanisalimu kwa Kiha, na lile neno kocha likanipanda kichwani moja kwa moja.

Nikampeleka uani, nikamweleza mkakati. Nitatumia sabu zangu tano mapema ili timu iwe na nguvu muda wote. Dakika ya sabini na tano, yeye akiwa amechoka, mimi nitavua kofia. Akiona hivyo, ajigonge na beki yeyote, aanguke, ashike kichwa. Honorata atamtoa, na Elikana, bodaboda mwenye mbio kuliko pikipiki yake, ataingia akiwa hajatoka hata jasho. Katonga hawatajua kilichowapata.

"Si uongo huo, Kaka Niko?"

"Huu ni mkakati. Hebu anguka nikuone."

Akaanguka. Kwanza alitazama nyuma kama pako safi, akakunja goti moja, kisha la pili, akajilaza kwa ubavu taratibu, halafu akakumbuka kushika kichwa. Nilimrudisha mara sita. Mara ya sita alikuwa anacheka sana hata hakuweza kusimama. Nikamwambia atafanya mazoezi nyumbani.

Jumapili tulicheza kwenye uwanja wa mchanga nyuma ya soko la samaki la Katonga. Upande mmoja ni barabara, upande mwingine ni ziwa, na kando ya goli la kusini dagaa wameanikwa, hivyo kila mpira ukitoka huko akina mama wanapiga kelele kuliko mashabiki. Watu walijaa. Hamdani alikuwa kwenye benchi la Katonga, amevaa jezi iliyombana tumboni. Honorata alikaa kati ya mabenchi mawili. Refa alikuwa Gervasi, fundi seremala, mtu mtaratibu anayetembea na karatasi ya kanuni mfukoni kama cheti cha ndoa.

Tulianza vizuri, na sababu ni kwamba nilikuwa bado sijafanya kitu. Thobias akafunga dakika ya ishirini. Katonga wakasawazisha kabla ya mapumziko. Kipindi cha pili nikaanza kazi. Nikatoa beki aliyekuwa anacheza vizuri nikaingiza mwingine, ili Katonga wachanganyikiwe. Waliochanganyikiwa ni mabeki wetu. Nikatoa viungo watatu. Nikamtoa winga kwa sababu hakunisikia nilipomwita, kumbe jina nililoita lilikuwa la kaka yake. Kufikia dakika ya sitini nilikuwa nimemaliza sabu zote tano, mpira ulikuwa umelalia goli letu, na mimi natembea kwenye mstari, filimbi ya mazoezi shingoni, nimeweka mikono nyuma.

Dakika ya sitini na sita tukapata kona. Mpira ukaja juu, Thobias akaruka, beki wa Katonga naye akaruka. Nilisikia mlio. Mtu aliyekuwa karibu nami akasema, "Uwii!" Beki akainuka anashika nyusi. Thobias alianguka chali, mikono imenyooka, hakujikinga hata kidogo.

Nikashika kofia yangu. Ilikuwa bado kichwani.

Mtu mwingine hapo angepata hofu. Mimi nilifurahi. Nikajisemea moyoni, huyu jamaa ana akili: ameona mchezo unatulemea, hakusubiri kofia. Na kuanguka kwenyewe! Kumbe alikuwa anafanya mazoezi nyumbani kweli.

Gervasi akasimamisha mchezo, Honorata akaingia mbio na begi, mimi nikamfuata. Thobias alikuwa ameanza kufumbua macho. Honorata akapiga magoti, akamzuia asiinuke, akampapasa shingo na kumuuliza kama anasikia maumivu hapo. Akasema hapana. Kisha akaanza maswali yake, kwa sauti ya kawaida tu.

"Thobias, tuko uwanja gani hapa?"

"Simbo," Thobias akasema.

Simbo tulikuwa tumecheza wiki iliyotangulia. Nikauma mdomo nisicheke.

"Nani amefunga goli la mwisho?"

"Bado hatujaanza."

Nikainama karibu naye, nikamkonyeza. Nikamnong'oneza, "Usizidishe chumvi." Akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka alikoniona.

"Anatoka," Honorata akasema. "Harudi tena leo, na hatembei peke yake."

Nikavaa uso wa huzuni, ule ninaouvaa misibani kwa watu nisiowajua. "Kama wewe umesema, Sista, basi. Afya kwanza."

Hamdani alikuwa amefika kwenye mstari anapunga mikono. "Maigizo! Refa, hayo ni maigizo! Huyu kinyozi aliyasema mwenyewe Ijumaa, tulikuwa tunamsikia!"

Gervasi akamrudisha kwa kidole. Akatoa karatasi yake, akasoma, akanikubalia sabu ya sita. Elikana akaingia. Halafu Gervasi akaigeuza karatasi, akasoma upande wa pili, akaenda kwenye benchi la Katonga kuwaambia nao waongeze mtu mmoja.

"Kwa nini?" nikapiga kelele. "Wao nani kaumia?"

"Timu moja ikiitumia, nyingine nayo inaongezewa sabu moja. Imeandikwa."

"Imeandikwa wapi?"

"Nyuma, Kocha."

Mimi nilisoma mbele. Katonga wakamwingiza Amosi, mbeba magunia pale sokoni, mwenye mabega kama mlango wa godauni, aliyekuwa amepumzika tangu asubuhi.

Tulimkalisha Thobias kwenye mkeka kando ya benchi. Honorata akaniambia, "Napiga simu ya bajaji, huku hamna mtandao, nakwenda barabarani. Usimwache. Mwangalie yeye, usiangalie mpira. Akibadilika niite."

"Sawa kabisa," nikasema, na alipogeuka tu nikaangalia mpira. Nikampigapiga Thobias begani bila kumtazama. "Umeua, mdogo wangu. Ile ya Simbo ndiyo iliyonimaliza."

Baada ya muda nikasikia anatapika. Nikageuka. Ametapika kwenye mkeka, amejiegemeza kwa mkono mmoja. Ninaona aibu kueleza nilichowaza, lakini nilikiwaza: sasa hapa amepita kiasi, sabu tumeshapewa. Ndio ujue kichwa kigumu kilikuwa cha nani.

Thobias akajifuta mdomo. Akainua uso, akatazama kofia yangu kwa muda mrefu.

"Kocha," akasema kwa upole, "bado hujaivua. Nianguke sasa?"

Macho yake hayakuwa na mzaha. Alikuwa anangoja jibu kweli, kama mtu mwaminifu aliyeahidi kazi na anaogopa kuiharibu. Alikuwa hajui kwamba ameshaanguka.

"Hapana," nikasema. "Hapana, Thobias. Usianguke. Kaa hivyo hivyo." Nikamwita mmoja wa wachezaji niliowatoa, nikamwambia amshike, amlaze ubavu akitapika tena. Kisha nikatafuta Honorata kwa macho. Alikuwa ng'ambo ya uwanja, barabarani, simu sikioni, mgongo amenigeuzia.

Kuzunguka uwanja kulikuwa ni mbali. Nikakata katikati.

Nilikimbia huku napunga mikono, "Honorata! Honorata!" na sikukumbuka kabisa kwamba kuna mechi. Mabeki wetu walikumbuka kwamba mimi ni kocha. Waliona nakuja mbio napunga mkono kuelekea barabarani, wakadhani ni maelekezo mapya, wakasogea wote upande huo. Kipa wetu alitoka golini kuniuliza nimesema nini. Amosi akapokea mpira peke yake, akatembea nao mpaka ndani ya goli.

Gervasi alinipa kadi nyekundu nikiwa bado nakimbia. Goli akalikubali, na kwa kanuni alikuwa sahihi, maana aliyeingia uwanjani ni mtu wetu. Nilizisikia kelele za Katonga nikiwa nimeshafika barabarani, namshika Honorata mkono.

"Anatapika. Hajui kama ameanguka."

Akakata simu. Bajaji ilikuwa ndiyo inaingia.

Tulimweka Thobias katikati yetu. Njiani aliuliza mara nne tunakwenda wapi, na mara nne Honorata akamjibu kwa sauti ile ile, kama ndiyo mara ya kwanza. Mimi nilitazama nje. Tulipopita Gungu, mbele ya saluni yangu mwenyewe, nikashindwa. Nikamweleza Honorata kila kitu, mkakati, kofia, mazoezi ya uani.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo pale ulipokuwa unamkonyeza," akasema, "mimi nilidhani umeingiwa na mchanga jichoni."

"Nikemee tu, Sista."

"Sasa hivi sina nafasi. Mshike kichwa, kuna mashimo hapa."

Nikamshika. Nimeshika vichwa vingi, lakini hicho nilikishika kama bakuli la uji wa moto.

Hospitali daktari alianza kwa kuniuliza mimi. Alipoteza fahamu kwa muda gani? Sikujua, nilikuwa naangalia kofia. Alitapika mara ngapi? Moja, labda mbili. Alilalamika kuumwa kichwa? Sikumuuliza. Daktari akaandika, akaniuliza mimi ni nani wake.

"Ni kocha wake," nikasema.

Akaacha kuandika, akanitazama kidogo, akaendelea.

Dainess, mke wa Thobias, alikuja na kanga juu ya nguo za shambani. Nilisimama nikamweleza kabla hajakaa, maana nilijua nikikaa sitasimama tena. Nilipofika kwenye mkakati akashangaa kwa Kiha, "Yebabawe," polepole. Nilipofika kwenye kutapika akaniinulia mkono ninyamaze.

"Shemeji, mume wangu alipokuwa chini, wewe ulikuwa unacheka?"

"Nilikuwa nataka kucheka."

"Sikukuuliza ulikuwa unataka nini."

"Nilicheka, shemeji. Kwa ndani."

Akanipita akaingia wodini. Nilikaa kwenye benchi la nje mpaka magharibi, nikiwa na filimbi shingoni. Watu wawili waliniuliza kama mimi ndiye mlinzi.

Walimlaza ili wamwangalie, na kesho yake mchana akaruhusiwa. Ubongo umetikisika, daktari alisema, lakini hakuna kilichovunjika wala damu iliyovuja. Apumzike. Asikae kwenye kelele za injini kwa muda, asiguse mpira mpaka aruhusiwe, na arudi kupimwa. Nilikwenda kwao kila siku ya wiki ya kwanza. Siku tatu Dainess alinipokea mlangoni na kuniambia amelala. Siku ya nne akaniambia niingie nimchotee maji, kwa kuwa nimezoea kukimbia.

Katonga walimla mbuzi siku ile ile. Hamdani akanitumia picha ya supu. Kwenye saluni benchi lilijaa kuliko kawaida, kila mmoja anataka kusikia kocha anasemaje kuhusu sheria ya kichwa. Nilisema mashine imeharibika, nikafunga mapema. Siku ya pili nikasema umeme. Siku ya tatu niliwaambia ukweli wote kama nilivyomweleza Dainess, na kwa mara ya kwanza tangu nifungue saluni hakuna aliyenibishia, jambo ambalo lilinichoma zaidi kuliko kadi nyekundu.

Wiki ya nne Thobias mwenyewe akaja kunyoa. Akaketi, nikamfunga kitambaa. Nikawasha mashine.

"Siku ile siikumbuki," akasema. "Nakumbuka kuvaa viatu. Halafu nakumbuka taa ya wodini. Kulikuwa na nini katikati?"

Nilizima mashine. Ningeweza kumwambia alifunga goli zuri, akaruka kona, akagongwa, basi. Lilikuwa ni jibu la kweli, na fupi. Lakini nikaanzia Ijumaa. Nikamweleza benchi, uani, kofia, nilivyomkonyeza, nilivyodhani anaigiza hata anatapika, na alivyoniuliza kama aanguke. Pale nikajifanya natafuta kitana.

Thobias alikuwa ananitazama kwenye kioo.

"Dainess alishaniambia," akasema. "Nilitaka nione kama utasema."

"Na sasa?"

"Sasa endelea kunyoa, nina nusu kichwa."

Bariki aliporudi kutoka msibani alichukua timu yake bila kuniuliza lolote, maana alikuwa ameshasimuliwa kila kitu kabla basi halijafika Mwandiga. Nilidhani nimefukuzwa. Honorata ndiye aliyenipa kazi. Sasa nakaa karibu na begi lake, nashika saa. Mtu akigongwa kichwa, nahesabu amelala chini sekunde ngapi, natazama kama amejikinga alipoanguka, naandika. Thobias ameruhusiwa kurudi mazoezini taratibu, na akija uwanjani hukaa nami, ananisaidia kusoma mwandiko wangu.

Jumapili iliyopita tulicheza na timu ya Mwandiga. Kipa wao alijigonga kwenye nguzo, akainuka anayumba, kocha wao akampigia kelele asimame sawa, mchezo uendelee. Nikanyanyuka na saa yangu. Nikaenda mpaka kwenye mstari wao, nikaanza kupayuka kwamba huyo atoke, atoke sasa hivi, haijalishi anasema nini.

Kocha wao alinigeukia amekasirika. "Wewe si yule kinyozi? Nyamaza huko, hujui mpira!"

Nikamwambia ni kweli, sijui. Lakini mtoe.